“Hitilafu Imetokea”: Historia Fupi ya Mashine Zinazoficha Makosa Yake

Ilikuwa Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya usajili wa mitihani ya muhula. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa 2 alibisha hodi ofisini, akaniamkia, nikamwitikia. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, akaninyooshea simu yake nione. Alikuwa amelipa ada Jumatatu ile kwa kumbukumbu namba ya malipo aliyopewa na mfumo wenyewe, na ujumbe wa benki wa kuthibitisha malipo ulikuwapo. Lakini kila alipofungua dashibodi ya wanafunzi ili ajisajili, kilijitokeza kisanduku chekundu chenye maneno haya: “Hitilafu imetokea. Tafadhali jaribu tena baadaye.” Alikuwa amejaribu tena baadaye kwa siku 5.

Nilimjibu kwa utulivu wa mtu ambaye jambo halimuumi. Nilimwambia, “Mwanangu, mfumo hauna chuki na mtu. Kuna mahali umekosea. Rudi ukaangalie vizuri.” Akasema, “Sawa, Dokta, asante,” akaenda zake. Saa 6 usiku dirisha la usajili likafungwa.

Majuma kadhaa baadaye ilibainika kwamba hakukosea popote. Huduma inayopokea taarifa za malipo kutoka benki ilikuwa imeacha kuzungumza na huduma ya usajili tangu Jumatatu ile. Kila mara kijana alipobonyeza kitufe, kompyuta iliyo nyuma ya pazia iliandika katika kumbukumbu zake, kwa tarehe, saa na dakika, nini hasa kimeshindikana na wapi. Ilijua. Ila kwa mwanafunzi haikupeleka ujuzi huo, ilimpelekea sentensi moja isiyo na maana. Wakati ukweli unatoka, mitihani ilikwisha kufanyika. Kijana alirudia mwaka, na mama yake, anayeuza dagaa Kigoma, akalipa ada ya mwaka ambao haukuwa na sababu ya kuwapo.

Msomaji aliyezoea kunisoma hapa nikiandika kuhusu katiba, vyama na ukulima atauliza: mwalimu wa historia anatafuta nini kwenye mambo ya seva? Jibu langu ni kwamba kisanduku kile chekundu ni jambo la utawala kabla ya kuwa jambo la ufundi. Dashibodi yenyewe haijui kitu. Ni dirisha la duka ambalo bidhaa zake ziko katika maghala ya nyuma: ghala moja lina majina, jingine malipo, jingine matokeo. Dirisha huuliza, ghala hujibu. Ghala linapojibu “nimeshindwa”, yupo binadamu aliyeamua zamani, akiwa ofisini kwake, ni maneno gani mteja aliye dirishani ataambiwa. Uamuzi huo hugawa mzigo: nani ajue, nani asijue, na nani alipe. Uamuzi huo una historia, na ni historia yenye makaburi.

Tarakimu nne juu ya Mwezi

Nianze na mfano mwema. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipokuwa wakishuka kuelekea uso wa Mwezi, kompyuta ya chombo chao ilitoa king'ora na kuonyesha tarakimu nne: 1202. Baadaye kidogo ikaonyesha 1201. Hakukuwa na maelezo yoyote. Kioo cha kompyuta ile hakikuwa na nafasi ya maelezo. Wanaanga wakauliza Houston maana yake.

Kwa kipimo cha leo huo ni ujumbe mbovu wa hitilafu. Lakini majuma machache kabla, katika zoezi la kuigiza safari, king'ora cha jamii hiyo kiliwafanya wasimamizi waamuru safari ikatishwe bila sababu ya lazima. Baada ya zoezi lile iliagizwa kwamba kila namba ya king'ora ifafanuliwe. Kijana wa miaka 24, Jack Garman, akaandika kwa mkono orodha ya ving'ora vyote na hatua ya kuchukua kwa kila kimoja. Siku ya safari orodha ile ilikuwa mezani kwake. Alijua kwamba 1202 maana yake ni kompyuta imepewa kazi nyingi kuliko uwezo wake, na kwamba imeundwa kuziacha kazi ndogo na kuendelea na zile kubwa. Kama king'ora hakijirudii mfululizo, kutua kuendelee. Alimwambia Steve Bales aliyekuwa zamu, Bales akatoa kauli, na chombo kikatua.

Namba tupu ilitosha kwa sababu nyuma yake alikuwapo mtu aliyeielewa, aliyekuwa macho, na aliyekuwa na mamlaka ya kusema. Namba ya hitilafu ni anwani tu. Thamani yake hutegemea kama kuna mtu nyumbani.

Taa iliyosema kilichoamriwa

Miaka 10 baadaye, Marekani hiyo hiyo ilipata somo la kinyume. Tarehe 28 Machi 1979, mnamo saa 10 alfajiri, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania kilipata hitilafu katika mfumo wa maji. Vali moja ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikagoma kufunga. Maji ya kupoza kinu yakaanza kutoka. Katika chumba cha udhibiti, taa ya vali ile ilikuwa imezimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa.

Taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na amri. Ilipozimika, maana yake ilikuwa “vali imeamriwa ifunge”, na waendeshaji wakasoma “vali imefunga”. Kati ya sentensi hizo mbili maji yalivuja kwa zaidi ya saa 2. Waendeshaji, wakidhani mfumo umejaa maji kupita kiasi, walipunguza maji ya dharura ambayo ndiyo yangeliokoa kinu. Sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Wala haikuwa kwamba chumba kile kilikuwa kimya. Katika dakika chache za mwanzo ving'ora zaidi ya 100 vililia kwa pamoja, vikubwa na vidogo kwa sauti ileile, na mashine ya kuchapa taarifa zake ikaachwa nyuma na matukio. Taa moja muhimu ilikuwa imefunikwa na kadi ya matengenezo iliyoning'inia juu yake. Kunyamaza kabisa na kupiga kelele zote kwa pamoja, kwa mtu anayetafuta ukweli, ni hali moja.

Rais Jimmy Carter aliunda tume, na mwenyekiti wake alikuwa John Kemeny. Wanahistoria wa nishati humtaja kwa tume hiyo. Wanahistoria wa kompyuta humtaja kwa jambo jingine. Mwaka 1964, yeye na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth walibuni BASIC, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa wanafunzi wa kawaida wasio mabingwa wa hisabati. Mtu aliyeamini kwamba kompyuta iseme na watu wote ndiye aliyepewa kazi ya kueleza kwa nini chumba kizima cha mitambo kilishindwa kusema na watu wachache waliofunzwa. Ripoti yake ya Oktoba 1979 ilisema kwamba vifaa havikuwa chanzo kikuu. Chanzo kikuu kilikuwa watu, mafunzo, taratibu na taasisi zilizowazunguka.

Dashibodi zetu zimejaa taa za Three Mile Island. Unabonyeza “Wasilisha”, linatokea neno “Imetumwa” kwa rangi ya kijani. Imetumwa na nani, kwenda wapi, na imepokelewa? Mara nyingi neno lile linathibitisha tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Hata taasisi iliyomwangusha mwanafunzi wangu ilikuwa na dashibodi ya watumishi, na juma lile lote taa zake zilikuwa kijani. Zilikuwa zikiuliza kama seva iko hai. Hakuna taa iliyouliza kama malipo yanafika.

Malfunction 54

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mwanafunzi wa uhandisi wa programu angepaswa kukijua kwa moyo. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya umma ya Kanada ya AECL, iliwapiga wagonjwa 6 dozi kubwa mno katika hospitali za Marekani na Kanada. Baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa halisi, vya chuma na umeme, ambavyo vilizuia mionzi isitoke pale mpangilio ulipokosewa. Katika Therac-25 sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu ya kompyuta.

Machi 1986, huko Tyler, Texas, mtaalamu wa mashine aliingiza taarifa za mgonjwa, akagundua ameandika herufi ya aina moja ya mionzi badala ya nyingine, akarudi juu kwa kitufe cha mshale na kuirekebisha upesi, kwani alikuwa na mazoea ya kazi yake. Upesi ule ndio uliofichua kasoro: programu haikuyatambua marekebisho yaliyofanywa ndani ya sekunde 8 hivi ambazo mashine ilizihitaji kujipanga. Alipoanzisha tiba, mashine ikasimama na kioo kikaandika “MALFUNCTION 54”, yaani hitilafu namba 54. Kioo hichohicho kilionyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyoagizwa.

Kitabu cha maelekezo hakikueleza namba hiyo ni nini. Karatasi ya kiufundi iliyoambatana na mashine ilisema tu kwamba ni kosa la aina fulani la kuingiza dozi, bila kutaja hatari yoyote. Namba za aina hii zilikuwa hadi 64, na hakuna iliyotofautisha jambo la kuudhi na jambo la kuua. Mtaalamu mwingine aliyeitumia mashine hiyo alieleza baadaye kwamba zipo siku ambazo ingesimama kwa wastani wa mara 40, mara zote kwa sababu ndogo, na dawa yake ilikuwa kubonyeza herufi P ili kuendelea. Yule wa Tyler akabonyeza P. Mgonjwa, aliyekwisha kupigwa kiasi kinachokadiriwa kuwa mara 100 hivi ya dozi aliyoandikiwa, akapigwa tena. Siku ile kamera ilikuwa imechomolewa, na kipaza sauti cha kusikilizana na chumba cha mgonjwa kilikuwa kibovu.

Mambo mawili katika kisa hiki hunirudia kila ninapofundisha. La kwanza: awali mtengenezaji aliziambia hospitali kwamba dozi kubwa ya namna hiyo haiwezekani. Aliyegundua namna ya kuizalisha hitilafu kwa makusudi alikuwa mwanafizikia wa hospitali ile ile ya Tyler, Fritz Hager, akikaa na mtaalamu wa mashine na kurudia mapigo ya vitufe mpaka namba 54 ikajitokeza tena. Ukweli ulitoka kwa watu wa dirishani walioamua kutokubali jibu la ghalani. La pili: mtengenezaji alipokubali kuchukua hatua, agizo lake la kwanza kwa hospitali lilikuwa kung'oa kifuniko cha kitufe cha mshale na kuziba swichi yake kwa utepe wa umeme. Barua haikueleza kasoro ni ipi wala hatari yake ni ipi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikataa kuikubali kama taarifa ya kutosha. Nancy Leveson na Clark Turner waliuchambua mkasa wote mwaka 1993, na uchambuzi wao unasomwa hadi leo.

Nne na tano

Miaka michache baada ya Tyler, katika maabara ya CERN huko Geneva, Tim Berners-Lee alikuwa akiandaa kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva. Katika rasimu za mwaka 1992 aliweka utaratibu wa namba za majibu, uliorasimishwa katika waraka wa Mei 1996. Watu wengi wanaijua 404. Wachache huona maadili yaliyomo katika tarakimu ya kwanza. Namba inayoanza na 2 husema: sawa, imefanyika. Inayoanza na 4 husema: ombi lako lina kasoro. Inayoanza na 5 husema: ombi lako halina neno, mimi seva ndiye niliyeshindwa.

Tazama uzito wa kitendo hicho. Wahandisi waliandika ndani ya kanuni za mtandao kwamba mashine iwe na njia ya kukiri kosa lake, na kukiri huko kutofautishwe wazi na kosa la mteja. 503 husema huduma haipatikani kwa sasa, na inaweza kuambatana na maelezo ya muda wa kurudi. 502 husema, nimemwuliza mwenzangu aliye nyuma yangu, akanijibu ovyo. Desemba 2015 iliidhinishwa namba 451, ikiipa heshima riwaya ya Ray Bradbury kuhusu uchomaji wa vitabu. Hutumika pale ukurasa unapozuiwa kwa sababu za kisheria, ili msomaji ajue kwamba amezuiwa na asidhani kwamba ukurasa umepotea. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wangu kwa nini namba hiyo ni ya kisiasa.

Mwaka 2016 ukachapishwa waraka mwingine, uliofanywa upya mwaka 2023, unaopendekeza jinsi huduma ya nyuma inavyoweza kueleza hitilafu kwa mpangilio: aina yake, kichwa chake, namba ya hali, maelezo ya tukio hili hasa, na kitambulisho cha tukio lenyewe. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba ufundi haupo. Upo, ni wa bure, na uko wazi kwa kila mtu.

Lakini kuna mazoea mabaya ambayo kila mjenzi wa mifumo ameyaona. Huduma ya nyuma hushindwa, kisha hujibu kwa namba 200, yaani “sawa”, na ndani ya bahasha hiyo ya “sawa” hukunjwa kikaratasi kinachosema “imeshindikana”. Dashibodi huona bahasha, haifungui, inawasha kijani. Nimekaa katika vikao vya kutosha vya kusoma taarifa za utekelezaji kuijua bahasha hiyo. Ukurasa wa kwanza huandikwa kwamba lengo limefikiwa. Kiambatisho cha mwisho huandikwa kwamba visima havitoi maji.

Deni lisilokuwapo

Mfano mkubwa kuliko yote haukutokea mwezini wala katika kinu cha nyuklia. Ulitokea katika maduka ya vijijini ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliojengwa na kampuni iliyomilikiwa na Fujitsu. Waendeshaji wa posta ndogo, wengi wao wenye maduka ya familia, wakaanza kuona upungufu wa fedha usioelezeka. Mkataba uliwataka walipe. Walipopiga simu ya msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao.

Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na hesabu za uongo kutokana na takwimu za mfumo huo; takriban 700 kati yao walishitakiwa na shirika la posta lenyewe. Walifilisika, waliaibishwa vijijini kwao, walifungwa. Mwaka 2010 mwanamke mmoja alipelekwa gerezani akiwa mjamzito. Wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa mengine. Wahandisi walitunza daftari la hitilafu zinazojulikana. Walikuwa pia na uwezo wa kugusa hesabu za posta ndogo kutoka mbali, jambo ambalo shirika lilikuwa limekana. Desemba 2019, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates pamoja na wenzake zaidi ya 500, Jaji Fraser aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu ule. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu 39 kwa mkupuo, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta mamia nyingine kwa pamoja.

Katika kisa hiki kioo hakikuandika “Hitilafu imetokea”. Kiliandika namba ya deni. Kosa la mashine lilitafsiriwa, njiani kutoka nyuma kwenda mbele, likawa kosa la binadamu. Sheria nayo ilisaidia: kifungu cha mwaka 1984 kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa kilifutwa na sheria ya mwaka 1999, mwaka uleule Horizon ilipoanza kusambazwa. Tangu hapo mahakama zilianza na dhana kwamba kompyuta iko sahihi, na anayepinga athibitishe. Angethibitishaje, ilhali daftari la hitilafu limefungiwa ghalani?

Sisi wa Tanzania tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayokubali rekodi za kielektroniki kama ushahidi na kuitaka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyopelekwa. Ni kipimo kizuri. Lakini hakimu hawezi kupima asichoonyeshwa, na mwananchi hawezi kudai kuonyeshwa kitu ambacho hajui kwamba kipo.

Hoja ya wajenzi

Nina marafiki wanaojenga mifumo, na haki inanitaka nieleze hoja yao. Husema kwamba hitilafu ghafi haifai kumwagwa mbele ya watu. Ina majina ya kanzidata, njia za mafaili, matoleo ya programu. Kwa mdukuzi hiyo ni ramani ya nyumba, na kwa mama muuza dagaa ni maandishi yasiyosomeka. Wana haki. Kumwaga kila kitu ni ving'ora 100 vya Three Mile Island.

Lakini kati ya kumwaga kila kitu na kuficha kila kitu kuna nafasi pana. Maelezo ghafi yabaki katika kumbukumbu za mfumo kwa ajili ya mafundi. Mtumishi wa dawati la usajili aone ni huduma ipi imeshindwa, tangu lini, na watu wangapi wameguswa. Mwenye simu mkononi aambiwe kwa lugha yake anachohitaji ili aamue la kufanya. Namba moja ya tukio iwaunganishe wote watatu, ili kijana akifika dirishani na namba hiyo, mtumishi aione habari yake bila kumwuliza amekosea wapi. Hilo ni daftari la Garman, katika umbo la mtandao.

Mwanafunzi wangu alistahili kuandikiwa hivi: “Taarifa za malipo kutoka benki hazijatufikia tangu Jumatatu. Tatizo liko upande wetu. Fedha yako ipo. Usilipe mara ya pili. Muda wako wa kujisajili hautafungwa mpaka tatizo litatuliwe. Fika ofisi ya usajili na namba ya tukio iliyo hapa chini.” Ni sentensi 6 tu. Ya kwanza hueleza kilichotokea. Ya pili huweka lawama mahali pake. Ya tatu na ya nne humzuia asiumie zaidi. Ya tano hulinda haki yake, na si fundi wa kompyuta anayeweza kuiandika peke yake. Inahitaji uamuzi wa uongozi. Ya sita humpa pa kwenda.

Nililipeleka pendekezo hili katika kikao. Hakuna aliyepinga sentensi ya kwanza wala ya tatu. Mjadala mrefu ulikuwa juu ya maneno manne: “Tatizo liko upande wetu.” Mjumbe mmoja, mtu mwema na msomi, alionya kwamba maneno hayo yanaweza kutumiwa dhidi ya taasisi. Nikamwuliza kama maneno “jaribu tena baadaye” hayakutumiwa dhidi ya mwanafunzi. Mwenyekiti akasema suala litaletwa tena. Hapo nikaelewa kwa nini ufundi unaopatikana bure tangu miaka ya 1990 haujafika kwenye skrini zetu. Seva inaweza kukiri kwa tarakimu tatu. Taasisi huunda kamati.

Kijana alihitimu, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Siku ya mahafali alikuja kunisalimu akiwa na mama yake, nami nikawaomba radhi wote wawili kwa jibu nililompa Ijumaa ile. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Sasa mwanangu, wewe si ndiye uliyekuwa ofisini?” Ndiyo, nilikuwa ofisini. Kabla ya skrini haijamnyima kijana maelezo mara ya mwisho, mimi, binadamu mwenye shahada tatu, nilikuwa nimekwisha kumnyima. Niliamini taa ya kijani iliyokuwa ukutani kuliko mtu aliyesimama mbele yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kisanduku chekundu kikikutokea, piga picha ya skrini pamoja na saa na tarehe, tunza risiti ya malipo, andika jina la mtumishi uliyemwona na alichokujibu.  Na kama wewe ndiye uliyekaa upande wa pili wa meza, usianze kwa kumwuliza mtu amekosea wapi. Anza kwa kumwuliza fundi kumbukumbu za mfumo zinasema nini.